Presha imejaa, moto hauwaki: kisa cha mtambo wa bayogesi Mwandiga, Kigoma

Simu niliipata saa moja asubuhi nikiwa bado nyumbani Ujiji, mama mmoja mteja wangu anasema fundi njoo uone maajabu, geji imepanda mpaka juu lakini jiko limegoma, leo siku ya nne napikia kuni. Nikamuuliza mama geji inasoma ngapi, akaenda kuangalia, akarudi akasema 88. Kwa anayeijua hii mitambo namba hiyo inachanganya, maana geji yake ni ule mpira mweupe wenye maji ya rangi uliokunjwa kama herufi U na kupigiliwa kwenye ubao, na sentimita 88 maana yake kuba, lile tumbo la mtambo linalotunza gesi, limejaa pomoni. Ukisikia jiko haliwaki unategemea geji iko sifuri, kuna mahali panavuja. Hapa gesi ipo tele na moto hakuna.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu tangu kitokee nimeshaitwa sehemu nyingine mbili kwa tatizo hili hili, na zote mbili watu walishatoa hela kununua vitu ambavyo havikuwa na shida.

Mtambo wenyewe nilijenga mimi mwaka 2021. Ni wa kuba lisilosogea, wa matofali na saruji, umezikwa ardhini, ukubwa wa mita za ujazo 9, muundo ule wa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ambao umeenea nchini kupitia mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani ulioanza 2009. Hii kitu sio ngeni Tanzania kama wengi wanavyodhani, SIDO, wale wa viwanda vidogo, walianza kuileta 1975 na matangi ya chuma yanayoelea, chuma kinakula kutu na ni ghali, ndo baadae CAMARTEC pale Arusha miaka ya 80 wakaja na haya makuba ya kujenga. Huku kwetu imechelewa kufika, na mafundi wa kazi hii bado ni wa kuhesabu.

Wakati tunajenga mama alikuwa na ng'ombe 4 wa maziwa, machotara, wanafugwa ndani muda wote. Ng'ombe wa hivo akila vizuri anakupa kilo 15 hivi za kinyesi kwa siku, wanne ni kilo 60, unachanganya na maji lita 60, unapata lita 120 za uji kila siku. Sehemu ya kuchachia ya mtambo ule inabeba kama lita 6,500, gawanya kwa 120 unapata siku 54, yaani uji unaoingia leo unakaa chini karibu miezi miwili kabla haujasukumwa nje, na kwa joto letu la Kigoma zinatosha. Kilo moja ya kinyesi kibichi inatoa gesi lita 30 mpaka 40, tuseme 35, kwa hiyo kwa siku ni lita 2,100 hivi, na jiko lake la plati moja linakula kama lita 350 kwa saa. Saa 6 za moto. Alikuwa anapika chai, ugali wa muhogo, maharage yale yanayokaa jikoni masaa, anachemsha maji ya kuoga watoto, na mkaa aliusahau kabisa.

Halafu ada zikabana, ng'ombe wawili wakauzwa. Kinyesi kikashuka nusu na gesi nayo nusu, moto wa saa 3, maharage yakaanza kuishia njiani. Hapo hakuna ugonjwa wowote, ni hesabu tu, umelisha nusu umepata nusu.

Nyumba ya tatu kutoka pale kuna watu wa mashine ya mawese. Aliyekaa Kigoma hahitaji kuelezwa, chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinakamuliwa, mafuta yanachemshwa tena na maji ili yapande juu yaenguliwe, na kinachobaki chini ni maji ya kahawia mazito yenye nyuzinyuzi, sukari na mafuta ambayo hayakuenguka. Haya maji yamepimwa sana kwenye viwanda vikubwa vya Malaysia na Indonesia, asidi yake ni pH 4 mpaka 5 (kwenye kipimo hiki 7 ni katikati, chini ya hapo ni uchachu), na uchafu wake unahitaji oksijeni kama gramu 25 kwa kila lita ili uoze, zaidi ya mara 50 ya maji taka ya kawaida ya mjini. Yakiingia kwenye kijito yanakausha oksijeni yote, samaki na vijidudu vya majini vinakufa. Na pale yalikuwa yanaingia kwenye kijito, yanapita kwenye mfereji nyuma ya nyumba za watu, msimu wa mavuno ule mfereji unanuka mpaka unafunga dirisha, juu umetanda utando wa rangi ya chungwa, na chini yake watu wanamwagilia mchicha.

Kijana wa huyu mama yuko kidato cha nne na akili yake ni nzuri kabisa. Akawaza, haya maji yanaoza, mtambo unakula vinavyooza, nikiyaleta nyumbani mfereji unapona na mama anapata gesi. Hata mimi angeniuliza ningemwambia wazo ni zuri. Tatizo lilikuwa kipimo. Akawa anabeba madumu 10 ya lita 20 kila siku jioni, lita 200, mengine bado yanatoka mvuke, anamimina yote kwa pamoja kwenye tangi la kuchanganyia juu ya kile kinyesi cha ng'ombe wawili. Siku ya pili geji ikapanda, siku ya tatu moto mkubwa kuliko hata enzi za ng'ombe wanne, nyumba nzima ikafurahi, jirani wakaja kuangalia. Kwa hiyo akaongeza bidii. Kama siku ya 10 moto ukaanza kuwa wa njano, unarukaruka, unaachia plati. Siku ya 13 ukagoma kabisa na geji iko juu.

Kabla hawajanipigia mimi alipita mtu mmoja akawaambia jiko limeziba na mpira umechoka, wakanunua jiko jipya na mpira mpya. Jiko la zamani lilikuwa zima, nimelipima mwenyewe. Hiyo inaniuma kwa sababu ile hela ilikuwa ya mwanafunzi.

Nimefika, shikamoo, nikaanza na yale ya kawaida ili nisiyaache nyuma. Povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, hakuna panapovuja. Mtego wa maji, pale unyevu wa bombani unapokusanyika, nikaumwaga, ulikuwa na maji kidogo tu. Nikafungua koki ya jiko nikasogeza kibiriti, na hapa ndo niliona ninachotaka mfundi mwingine akione: gesi inatoka kwa nguvu mpaka unaisikia inapuliza, ule mwali wa kibiriti unainama upande, unakuwa mdogo, unazimika. Haukuzimwa na upepo wa nguvu tu, maana nilipunguza koki mpaka ikawa inatoka kidogo sana na bado mwali ukifika pale unakufa kama umezamishwa. Hiyo sio gesi ya kuwaka. Hiyo ni hewa ukaa imejaa kubani.

Nikaenda kwenye tangi la kutokea. Mtambo mzima wenye afya bioslari yake, ule uji unaotoka ukishatoa gesi, hainuki sana, ina harufu ya udongo na zizi kwa mbali, rangi nyeusi kama kijani. Hii ilikuwa kahawia, ina povu, juu ina magamba ya mafuta yaliyoganda, na harufu yake ni ya siki ikichanganyika na samli iliyoharibika, ile inayokaa kwenye nguo mpaka kesho. Nikachovya karatasi ya pH, ikasoma kati ya 5 na 5.5. Mtambo unatakiwa uwe 6.8 mpaka 7.5 hivi. Hapo nilishajua lakini nikataka na ushahidi wa gesi yenyewe.

Kuna kipimo cha kienyeji ambacho nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Unachukua bomba la sindano kubwa la mililita 60, unavuta gesi mililita 50 kutoka kwenye mpira, halafu bila kuruhusu hewa kuingia unavuta mililita 10 za maji ya kostiki, ile soda wanayotengenezea sabuni, unaziba mdomo unatikisa. Kostiki inameza hewa ukaa yote, methani haiigusi, na pistoni inarudi yenyewe ndani. Unachosoma kilichobaki ndo methani, kwa makadirio ya kutosha kabisa kwa kazi ya kijijini. Kostiki inaunguza, vaa glavu, linda macho, usimpe mtoto ashike. Kostiki ya kupimia hatukuhangaika nayo, bibi wa nyumba ya pembeni anatengeneza sabuni kwa mafuta ya mise, zile kokwa za chikichi. Tulivyotikisa pistoni ikaingia, ikaingia, mpaka ikabaki 14 kati ya 50. Asilimia 28. Gesi ya kupikia inatakiwa methani iwe kwenye 55 mpaka 65, ikishuka chini ya 40 na kitu ndo inaanza kukusumbua kwenye moto.

Yule kijana alikuwa amesimama pembeni kimya, uso umemshuka. Akaniuliza, kaka, nimeua mtambo? Nikamwambia haujafa, umevimbiwa.

Sasa kwa nini. Humo ndani ya kuba hakuna aina moja ya kijidudu, kuna makundi yanayopokezana kama vibarua wanaorushiana matofali. Kundi la kwanza linavunja vitu vikubwa, nyuzi, mafuta, wanga, protini. La pili linageuza vipande hivyo kuwa asidi. La tatu linazichonga zile asidi mpaka zinabaki asidi ya siki, haidrojeni na hewa ukaa. La mwisho ndo linapokea hivyo na kutoa methani. Hili la mwisho ni viumbe wa kale sana, hata sio bakteria wa kawaida, hawataki oksijeni kabisa, ni jamaa wale wale waliotengeneza sehemu kubwa ya methani iliyolala chini ya ziwa Kivu ambayo Rwanda wanaivuta wanazalisha nayo umeme. Ni wapole na ni wa pole pole. Wale wa asidi wanazaliana kwa masaa, hawa wa methani wanahitaji siku kadhaa kuongezeka mara mbili. Ukimwaga chakula kingi laini kwa ghafla, wale wa haraka wanakifanya asidi chote, wale wa taratibu wanazidiwa, matofali yanarundikana, pH inashuka, na pH ikishuka wale wa methani ndo wanadhoofika zaidi, kwa hiyo asidi inarundikana zaidi. Inakuwa mtelemko. Wa asidi wao hawajali, wanaendelea kutoa hewa ukaa, kuba linajaa, geji inapanda, na wewe unaona 88 unadhani una gesi.

Kwenye mawese kuna na la pili. Mafuta ndo chakula chenye gesi nyingi kuliko vyote, kilo moja ya mafuta inazidi kwa mbali kilo ya wanga, na gesi yake ina methani nyingi zaidi. Lakini yakivunjika yanatoa asidi ndefu za mafuta ambazo zinawapaka wale vijidudu kama vile umempaka mtu lami mdomoni, na yale ambayo hayajavunjika yanapanda juu yanaganda na nyuzi yanafanya tabaka. Ongeza kwamba lita 200 kwa siku zilikuwa zinasukuma lita nyingine karibu kiasi hicho hicho nje, siku za kukaa zikashuka kutoka 54 za enzi za ng'ombe wanne mpaka kama 28, vijidudu vya methani vinasukumwa nje kwa kasi wakati tayari vimedhoofika. Na kinyesi cha ng'ombe, ambacho kina ile alkali ya asili inayolinda mtambo usichachuke, kilikuwa kimepungua nusu. Vitu vinne kwa wakati mmoja. Hata ng'ombe mwenyewe ukimtoa kwenye majani leo ukampa gunia la pumba kesho anavimba, na tumbo la ng'ombe na mtambo huu ni ndugu.

Kuna kosa langu humu na nalisema wazi. Siku ya kukabidhi mtambo 2021 nilimwambia mama, kwa maneno yangu mwenyewe, chochote kinachooza tia humu. Tunalisema sana hili mafundi kwa sababu linauza mtambo. Sikumwambia kiasi, sikumwambia pole pole, sikumwambia anipigie akibadilisha chakula. Yule kijana alifanya nilichosema. Ndo maana kazi ya kuurudisha sikuchukua hela.

Mapendekezo yalikuwa mengi pale uani. Mmoja akasema tumwage mfuko wa chokaa. Chokaa inapandisha pH kweli, lakini inameza hewa ukaa kwa kasi mpaka kuba linaweza kuvuta ndani, inazidisha upande wa pili, na inatulia chini kama jiwe ambalo utakuja kulichimba. Kostiki nayo ni kali mno na sodiamu ikizidi inawaumiza wale wale unaotaka kuwaokoa. Mwingine, ni jamaa mzima na ana nguvu zake, akasema tufungue mfuniko wa juu yeye azame atoe yale magamba ya mafuta kwa ndoo.

Hapa nasimama kidogo. Usiingie. Usimruhusu mtu aingie. Humo ndani hakuna oksijeni, kuna haidrojeni salfaidi ile ya harufu ya yai bovu, na ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia, unadhani imeisha, unaanguka. Anayeruka kumuokoa anaanguka juu yake. Na methani ikichanganyika na hewa kwenye asilimia 5 mpaka 15 inalipuka kwa cheche ndogo, sigara, hata simu inayoita sitaki iwepo. Nilikaa juu ya ule mfuniko mpaka yule jamaa akaelewa.

Tulichofanya ni hivi. Kulisha kukasimama kabisa. Gesi ile mbovu tukaiachia nje taratibu kwa mpira mrefu mbali na nyumba, hakuna moto karibu. Tukachota kwa fito na ndoo ndefu kwenye tangi la kutokea, tukipunguza kidogo kidogo kwa siku mbili mpaka tukatoa kama theluthi ya uji ule mchachu pamoja na magamba yaliyofikika, tukaumwaga kwenye mtaro tuliochimba mbali na kijito na kuufunika na majivu na udongo, maana ukiupeleka shambani ukiwa hivo unaunguza mizizi. Nafasi iliyopatikana tukajaza kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji ya vuguvugu, na madumu 20 ya bioslari nzima niliyoiomba kwenye mtambo mwingine niliojenga, lita 400, hizo ndo mbegu. Hiyo bioslari ndo dawa kubwa kuliko zote, unaleta jeshi la methani likiwa hai.

Kwa asidi iliyobaki, yule bibi wa sabuni ndo alinifundisha. Nilikuwa nawaza kutafuta magadi sokoni, akaniambia mjukuu wangu, magadi unayakanyaga. Akanionyesha rundo la mikungu mitupu ya michikichi nyuma ya mashine, ile inayobaki chikichi zikishatolewa. Zamani kabla kostiki haijajaa madukani walikuwa wanaichoma, wanaloweka majivu yake, wanachuja, na maji yale ndo yanapika sabuni. Ni kweli kabisa, majivu ya mkungu wa mchikichi yana potasiamu nyingi kuliko majivu ya kuni za kawaida na maji yake ni alkali kali. Tukachoma mikungu, ndoo moja ya majivu kwa ndoo tatu za maji, ikalala usiku mzima, asubuhi akaichuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne, ikatoka rangi ya chai, ukiigusa inateleza kama sabuni. Mchikichi ulioleta asidi ndo ukatoa na dawa ya asidi, na mimi nimekaa Kigoma maisha yangu yote sikulijua hilo mpaka siku ile.

Tukaweka kwa dozi, ndoo tatu zile tu, tukasubiri siku tatu, tukapima, tukaweka tena. Dozi nne jumla. Siku ya 4 pH 5.8. Siku ya 9 ikawa 6.2 na sindano ikabakiza 19. Siku ya 15 pH 6.5, tukaacha majivu kabisa hapo hapo ingawa mama alitaka niongeze, kwa sababu kutoka hapo wale vijidudu wakishaamka wanakula asidi wenyewe na pH inapanda bila msaada, ukizidisha unaenda upande mwingine. Siku ya 19 moto ukashika, wa bluu, ukakaa kama dakika moja ukaondoka. Mama akapiga vigelegele kwa hiyo dakika moja. Siku ya 20 tukaanza kulisha kinyesi kilo 10 tu, tukapanda taratibu, na siku ya 27 akapika chai ya nyumba nzima. Wiki ya sita pH 7, sindano 29, ikaja siku ya maharage.

Baada ya hapo ndo ikaja sehemu ambayo wengi walinishangaa, nilimwambia yule kijana sasa rudi kwa watu wa mashine ukachukue maji ya mawese. Mama akakataa kata kata, na nikamuelewa. Lakini maji yale bado yalikuwa yanaingia kwenye kijito, na gesi iliyomo ni halali yake. Tukakubaliana masharti. Maji yalale kwenye dumu usiku mzima yapoe, asubuhi mafuta yaliyopanda juu yaenguliwe, na hayo yasitupwe, yanaenda kwa bibi wa sabuni. Yachanganywe na kinyesi kwanza kwenye tangi, yachukue nafasi ya sehemu ya maji, sio kuongezwa juu. Lita 5 kwa siku kwa wiki mbili, pima. Lita 10 wiki mbili, pima. Halafu 15, halafu 20, na hapo kwenye dumu moja tumesimama. Karatasi ya pH ikisoma chini ya 6.7 au moto ukianza kuwa wa njano, siku hiyo hakuna mawese mpaka nije.

Lita moja ya maji haya inakadiriwa kutoa lita 28 za gesi, kwa hiyo dumu moja ni lita 560, saa moja na nusu hivi ya moto. Kinyesi cha ng'ombe wawili, kilo 30, kinampa lita 1,050. Jumla saa 4 na nusu kwa siku. Hajarudi kwenye saa 6 za ng'ombe wanne, ila maharage yanaiva. Bioslari inaenda kwenye migomba na michikichi michanga aliyopanda, ile miche ya Tenera, na nitrojeni yake iko kwenye hali ambayo mmea unaichukua haraka kuliko samadi ya kurundika, tena haiji na magugu mengi.

Kwa kijito lakini dumu moja ni tone. Ile mashine msimu ukikolea inamwaga kama lita 1,000 kwa siku, tumeokoa 20. Na methani ile ile, yale maji yakijikusanya kwenye dimbwi yakaoza yenyewe, inatoka inaenda angani, na kwa miaka 100 inapasha dunia joto mara 28 ya hewa ukaa ya uzito huo huo. Kwa hiyo nikakaa na mwenye mashine nikampigia hesabu kwenye karatasi ya saruji. Lita 1,000 kwa siku ukiziweka siku 40 unahitaji chombo cha mita za ujazo 40. Gesi mita 28 kwa siku kama itatoa kama inavyotoa kwenye viwanda, na mita moja ya bayogesi inafanya kazi ya kilo 0.45 hivi ya gesi ya mtungi, kwa hiyo ni kilo 12 na zaidi, inakaribia mtungi wa kilo 15 kila siku ya msimu. Yeye anachemshia chikichi kwa kuni, anazinunua kwa mzigo na kila mwaka zinatoka mbali zaidi. Sio ndoto ya kizungu hii, pale Hale mkoani Tanga kampuni ya mkonge ya Katani walishafanya kwa mabaki ya mkonge mwishoni mwa miaka ya 2000, mtambo wa kilowati 150 za umeme, mabaki yale yale yaliyokuwa yanatupwa.

Nimemwambia na ubaya wake. Kinyesi cha kuanzia kitatakiwa kingi, na mashine inafanya kazi kwa msimu, miezi ya katikati chikichi ni chache, mtambo utakaa na njaa, na ukirudi kuulisha lazima aanze na kidogo kama alivyoanza kijana. Nadhani bora ajenge viwili vya mita 20 kuliko kimoja cha 40, kimoja kikiugua kingine kinakuwa na mbegu. Hilo ndo somo la moja kwa moja kutoka kwa mama, nilibeba lita 400 kwa bodaboda safari tano na sitamani kurudia.

Kamba tumeshavuta, vigingi vipo ardhini, shimo la kwanza tulianza Machi tukakuta maji kwenye mita moja na nusu, tukalifukia. Tunasubiri kiangazi, Juni ardhi ikishakauka. Mama anaendelea na dumu lake moja, kijana kalipiga alama ya rangi nyekundu kwenye lita 20 ili hata mdogo wake asizidishe, na nilipopita wiki iliyopita sindano ilibakiza 31.